Fungua injini ya pampu na watoto, afu mfunge iwake: hatua kwa hatua

Kitu cha kwanza, na kama hutasoma kingine chochote soma hiki: anayeshika spana ni mtoto. Wewe mzazi au mjomba au shangazi, weka mikono nyuma. Utaona anageuza bolti upande usio wenyewe, utaona ameshika bisibisi kama kijiko, na mwili mzima utakuwasha unataka kumnyang'anya, usimnyang'anye. Labda kuna hatari ya kidole au jicho, hapo sawa. Ila kama hatari yenyewe ni kwamba kazi itachelewa, iache ichelewe, maana ukitaka injini ipone haraka mpelekee fundi, anamaliza asubuhi moja. Hapa tunatengeneza mtoto anayejua kwa nini kile kitu kinazunguka.

Sasa injini ipi. Watu wanakimbilia injini ya gari iliyolala uani kwa babu, au bodaboda iliyokufa. Mi nasema anza na injini ya pampu ya maji au jenereta dogo, zile za petroli za kuvuta kamba, silinda moja, zinapoozwa na hewa. Honda walianza kutoa familia yao ya GX mwaka 1983 na ndani yake ndo kuna GX160 inayojulikana kila kona, na zile za Kichina unazoziona kwa wakulima wa nyanya na vitunguu nyingi zimefuata umbo hilohilo, kiasi kwamba spea nyingi zinaingiliana. Ina uzito wa kama kilo 15, mtu mzima anaibeba mwenyewe na watoto wawili wanaisogeza mezani. Haina giaboksi, haina klachi, haina betri. Ila ina vavu (milango ya hewa na moshi), kemshafti (mhimili unaofungua vavu), pushirodi na roka (fimbo na vikono vinavyofikisha mwendo huo kwenye vavu), kranki (mhimili mkuu unaozunguka), pistoni, gavana (kinachodhibiti kasi), kila kitu cha kumfundisha mtoto injini ya mipigo minne. Ya mipigo miwili kama ya msumeno wa miti usianze nayo, siyo mbaya ila haina vavu za kuangalia na vavu ndo utamu wenyewe.

Kuipata: nenda kwa mafundi pampu au kwa wanunuzi wa chuma chakavu, mwambie unataka bovu la kufundishia watoto, bei mtaelewana. Kabla hujatoa hela zungusha. Vuta kamba taratibu, ukisikia inazunguka afu kuna mahali inakukatalia kidogo kisha inaachia, hapo kuna kompresheni, yaani hewa inabanwa ndani, nzuri. Ikiwa imekwama kabisa siyo mwisho wa dunia, mara nyingi ni kutu tu au ringi, zile pete za pistoni, zimeganda, ila kwa mara ya kwanza chukua inayozunguka. Angalia pia bloku, ule mwili wa injini, kwa nje kama ina tundu au ufa, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ikikatika huwa inatoboa bloku, hiyo iache, labda uichukue kwa bei ya kilo iwe ya kufanyia mazoezi ya kufungua tu.

Sehemu ya kazi na vifaa

Baraza lenye kivuli linatosha. Tandika boksi kubwa lililokunjuliwa, weka meza imara ya kimo cha mtoto, siyo kimo chako. Halafu tafuta trei za mayai, zile za karatasi za mayai 30. Kwangu hizi ni muhimu kuliko spana. Kila kishimo kinaandikwa namba kwa maka peni, bolti za kava namba 1, za kabureta namba 2, na kadhalika, na mtoto mmoja anapewa daftari anaandika namba ipi ni nini na anachora. Simu piga picha ndio, ila picha haimfundishi mtu kama kuchora, mtoto akichora kabureta lazima aangalie kile kispringi kimeingia tundu lipi. Kufungua kila mtu anaweza hata nyani, injini inafungika tena kwa sababu ya trei na daftari.

Spana: namba 10 na 12 zitafanya kazi karibu yote, soketi 19 ya nati ya flaiwili (lile gurudumu zito la kwenye kranki), soketi ya plagi namba 21, bisibisi za aina zote mbili, plaizi, nyundo ya mpira, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), na pula ya miguu mitatu ya kuchomolea flaiwili ambayo unaweza kuazima kwa fundi wa mtaani. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama unayo safi, kama huna nitakuonyesha njia ya mzani wa sokoni huko mbele.

Usalama nitausema mara moja ila uushike. Miwani kila mtu. Glavu za mpira kwa sababu oili chafu siyo nzuri kwenye ngozi. Petroli iliyobaki unaimwaga wewe mtu mzima, nje, mbali na jiko la mkaa na sigara, na inaingia kwenye dumu la petroli, HAIINGII kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa dakika tano, vivyo hivyo mafuta ya taa na oili, watoto wanakunywa hivi vitu kwa sababu viko kwenye chupa wanazozijua. Na usioshe vyuma kwa petroli, mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu, osha kwa maji moto na sabuni ya unga kwa kazi nyingi, yale magumu utaosha wewe kwa dizeli nje kwenye upepo. Oili chafu haimwagwi mtaroni, ipeleke gereji wanapokusanya.

Kabla ya kufungua, ichezeeni

Mwaga oili kwanza. Injini hii inachukua kama lita 0.6 tu. Imwage kwenye beseni jeupe juani na waulize watoto wanaona nini, wape muda wajibu. Nyeusi kabisa, mwenyewe hakubadilisha oili. Ina rangi ya maziwa, maji yameingia. Inang'aa vipande vidogo kama pambo la kucha, kuna chuma kinasagika ndani. Hapo mtoto wa miaka minane tayari ni daktari, na asiambiwe jibu, aandike anachodhani kwenye daftari, mtalihakiki mkishafika ndani.

Toa tanki, chujio la hewa, eksozi. Kabureta na vispringi vya gavana vinachanganya kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine hii, kuna springi ndefu, kuna waya mwembamba na kuna springi nyembamba sana imeuzunguka huo waya, kwa hiyo chora, piga picha kutoka pande tatu, kisha ndo utoe. Kile kikombe cha kamba ya kuvutia kinatoka kizima na kava lake, usiwaache watoto wafungue springi yake ya ndani, imejikunja kwa nguvu na ikiruka inakata.

Toa plagi, muangalie pua yake. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, ilikuwa inapata mafuta mengi au chujio la hewa lilikuwa limeziba. Imelowa oili, ringi au vavu zimechoka.

Sasa hapa msikimbie. Kava la kamba limetoka, flaiwili inaonekana, plagi imetoka. Fungua na kava la vavu, lina bolti nne. Weka alama ya chaki kwenye flaiwili na mwambie mtoto azungushe taratibu kwa mkono, mwingine aangalie zile roka mbili zinavyonyanyuka na kushuka, mwingine aweke kidole gumba juu ya tundu la plagi. Atapiga kelele "inanivuta!" na baadaye "inanisukuma!" Hapo unawaambia waseme kwa sauti: vuta, bana, lipua, toa. Vavu ya kuingiza ikifunguka ni vuta, zote zimefunga na kidole kinasukumwa ni bana, na wahesabu chaki imepita mara ngapi mpaka mchezo urudi mwanzo. Ni mara mbili. Wakikuuliza kwa nini mara mbili usijibu, waambie mtaona mkifungua tumboni. Kwetu hii sehemu peke yake ilikula mchana mzima na sikuona sababu ya kuikatisha.

Kufungua juu

Nati ya flaiwili ni ya kawaida, inafunguka kinyume na saa. Ishikilie flaiwili kwa mkanda, usichomeke bisibisi kwenye mapezi yake yatavunjika. Ikishatoka nati, weka pula, kaza kidogo kidogo, itaruka "tak!" na wote watashtuka. Ndani yake kuna sumaku, acha wabandike spana, wabandike bolti, wachoke. Afu uliza: mashine hii haina betri, je moto wa plagi unatoka wapi? Sumaku ikipita mbele ya koili inazalisha umeme, ndo maana ukivuta kamba polepole haiwaki, sumaku inatakiwa ipite kwa kasi. Na kuna kachuma kadogo ka nusu mwezi kwenye kranki, ni kii, kanaifanya flaiwili ikae mahali pake. Kakikatika nusu tu, moto unapiga wakati siyo wake na kamba inakurudisha mkono. Kaangalieni kama kamekaa sawa, kisha kwenye trei haraka, maana hako ndo huwa kanapotea.

Silinda hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, ina bolti nne. Zilegezwe kwa kukatiza, huyu robo, wa upande wa pili robo, siyo mmoja mpaka mwisho. Zile pushirodi mbili zichomeke kwenye kipande cha boksi na uandike KUINGIZA na KUTOA zirudi palepale zilipotoka. Vavu zenyewe kwenye injini hii hazihitaji kifaa maalum, unabonyeza kisahani cha juu ya springi kwa vidole gumba viwili na kukisogeza pembeni kinachomoka, ila hii ifanye wewe au kijana mkubwa, miwani usoni, kitambaa juu.

Kabla hujatoa vavu lakini, fanya jaribio hili ambalo watoto wanalipenda: geuza hedi, plagi iwe imefungwa, mimina mafuta ya taa kidogo kwenye kile kishimo cha kulipukia, subirini dakika chache mkiangalia kwenye njia ya hewa na ya moshi. Ikivuja upande mmoja, vavu ya upande huo haifungi vizuri. Ndo itasagwa kwa dawa ya kusagia vavu, kazi ya kuzungusha kijiti chenye mpira mbele na nyuma kama mtu anayepekecha moto, na watoto hawachoki nayo mpaka uone duara la kijivu lisilokatika.

Tumboni

Kava la pembeni lina bolti sita. Laza injini kava likiangalia juu, gonga pembeni kwa nyundo ya mpira, usichomeke bisibisi kwenye maungio, ukikwaruza pale itavuja oili maisha yake yote. Kava likitoka, STOP, mtu asiguse kitu. Tafuteni vidoti viwili: kimoja kwenye gia ndogo ya kranki, kimoja kwenye gia kubwa ya kemshafti. Zungusheni mpaka vidoti viangaliane. Mchoreni. Hayo ndo majira ya injini, mkikosea jino moja tu wakati wa kufunga vavu zitafunguka wakati siyo wake na inaweza isiwake hata muivute mpaka mabega yaachie.

Na lile swali la mara mbili, jibu lake liko hapo. Waambie wahesabu meno ya gia zote mbili. Kubwa ina meno mara mbili ya ndogo, kwa hiyo kranki inazunguka mara mbili kemshafti mara moja. Wamehesabu wenyewe, hutalazimika kurudia.

Kwenye kemshafti kuna kidude kidogo chenye springi kinachocheza. Hicho kinainua vavu ya kutoa kidogo tu wakati injini inazunguka polepole ili kamba iwe nyepesi kuvuta, injini ikishika kasi kinarushwa nje na kuacha vavu ifunge. Toa kemshafti na tapeti mbili zilizo chini yake, vile vidude vinavyosukuma pushirodi, nazo usizichanganye.

Konrodi, weka alama ya maka peni kwenye kifuniko chake na mwili wake kabla ya kufungua, na angalieni kale kaulimi kalikochongoka chini, kazi yake ni kuchapa oili irukie kila mahali kwa sababu injini hii haina pampu ya oili. Ndo maana ikifanya kazi imeinama sana au oili imepungua inakufa haraka. Fungua bolti mbili, sukuma pistoni itokee juu.

Kupima, na hesabu ya darasa la saba

Hapa mtoto anayesema hesabu haina kazi anyamaze kidogo. Mpe rula au kaliperi apime upana wa silinda, atapata kama milimita 68. Pistoni inasafiri milimita 45 kwa GX160. Eneo la duara mara urefu, kwa sentimita: nusu ya 6.8 ni 3.4, 3.4 mara 3.4 ni 11.56, mara 3.14 ni 36.3 hivi, mara 4.5 unapata 163 na kidogo. Hizo ndo cc 163 za injini. Ukikuta inasafiri 54 basi una ndugu yake mkubwa, cc 196. Wa kwangu alienda kuitafuta ile namba kwenye stika ya injini akarudi anakimbia.

Ringi: ichomoe ya juu taratibu kwa kuitanua kwa kucha mbili, zinavunjika kirahisi kuliko zinavyoonekana. Iingize peke yake kwenye silinda, isukume chini kidogo kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Mpya inakaa kati ya 0.2 na 0.4 milimita, ikifika 1 badilisha. Silinda yenyewe pitisha kucha, ukisikia mkwaruzo unaokamata kucha hapo muite fundi aangalie, ukisikia laini endelea.

Kufikia hapa mna orodha ya dukani. Kwa kawaida ni seti ya gasketi, seti ya ringi, sili mbili za kranki, na plagi (NGK BPR6ES au inayolingana nayo). Nendeni na watoto na vyuma vya zamani mkononi, kwa Dar Gerezani pale Kariakoo, kwa Nairobi Kirinyaga Road ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Mtoto ndo amuulize muuzaji, alinganishe ringi mpya na ya zamani kaunta palepale kabla hela haijatoka. Muuzaji atakuangalia wewe, wewe angalia mtoto.

Gasketi za zamani zikibandika usizisugue zikiwa kavu, lowesha kwanza halafu kwangua kwa kijiti cha plastiki, nyingine za zamani sana zinaweza kuwa na asbesto na vumbi lake siyo la kuvuta. Masizi ya juu ya pistoni kwangua kwa mbao au plastiki, siyo bisibisi.

Kazi hii mnaipasua vipande. Saa moja na nusu kwa mara moja inatosha, ukiona mtoto ameanza kurusha bolti ujue muda umeisha, funika meza na kitenge cha zamani mkaendelee Jumamosi ijayo. Na gawa kazi kwa umri: wa miaka sita saba anaosha na kupanga trei, wa tisa kumi spana, wa kumi na mbili kwenda juu, fila geji na vipimo. Na wale wanaoniuliza binti anafanya nini kwenye grisi, anafanya usomaji wa fila geji, na yuko sahihi kuliko mimi.

Kufunga

Kila kinachozunguka kinapakwa oili mpya kwanza. Kila bolti ikikazwa zungusha kranki kwa mkono, ikikataa simama hapohapo, kosa ni la bolti hiyo ya mwisho. Hii kanuni itawaokoa sana.

Ringi zina alama upande mmoja, alama inaangalia juu. Mianya yake isipangwe mstari mmoja, itawanye kuizunguka pistoni kama theluthi theluthi ya duara. Kwenye Honda alama ya juu ya pistoni inaelekea upande wa pushirodi. Kuziminya ringi ziingie huna haja ya kununua kifaa, kata kopo la soda upate karatasi ya bati, zungushia, kaza kwa klipu ya paipu, sukuma pistoni kwa mpini wa nyundo. Mpini, siyo kichwa. Ikigoma usigonge, toa uanze upya, ringi moja imetoka nje. Kopo likate wewe, linakata vidole.

Bolti za konrodi zinakazwa nyutoni mita 12, za hedi 24, za kava 24, nati ya flaiwili 75. Huna spana ya toki? Chukua mzani wa kuning'iniza wa sokoni, ule wa kupimia samaki. Nguvu mara urefu ndo toki. Pima kwenye spana sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, funga kamba hapo, vuta kwa mzani ukiwa umenyooka pembe mraba na spana. Kilo moja ni kama nyutoni 10, kwa hiyo nyutoni mita 12 ni kama kilo 6, na 24 ni kilo 12. Flaiwili chomeka bomba ufike nusu mita, vuta kilo 15. Siyo kipimo cha maabara, ila ni bora mara mia kuliko "kaza mpaka ikubali", ambayo ndo inavunja bolti za watu kila siku. Na hedi kaza kwa kukatiza tena, mara ya kwanza nusu, mara ya pili mpaka mwisho.

Kemshafti inarudi vidoti vikiangaliana, tapeti zikiwa zimeshatangulia ndani. Mtu wa pili asiyehusika aje athibitishe vidoti kabla kava halijafungwa, fanyeni kama marubani, mmoja anasema mwingine anaitikia. Kava likirudi lisilazimishwe, zungusha kidogo mpaka gia ya gavana ikamate meno.

Vavu zipimwe injini ikiwa baridi, pistoni juu kwenye kubana, zote zimefunga: ya kuingiza 0.15 milimita, ya kutoa 0.20. Waulize kwa nini ya kutoa ina nafasi kubwa zaidi. Moshi wa moto unapita pale, chuma kikipata moto kinarefuka, kisipopewa nafasi vavu haifungi inaungua. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, isipite bure na isikwame.

Koili ikae 0.4 milimita kutoka kwenye sumaku. Fila geji za chuma zinavutwa na sumaku zinakusumbua, wengi wanatumia kadi ngumu, na kama una zile kadi za mchango wa harusi kabatini leo zina kazi, pima tu unene wake kwanza. Chomeka kadi katikati, sumaku ivute koili, kaza, chomoa.

Plagi nayo mwanya wake ni 0.7 mpaka 0.8. Vispringi vya gavana mtarudi kwenye michoro, na hapo ndo yule mwenye daftari anapata heshima yake.

Kuwasha

Ifunge kwenye ubao mzito, nje kabisa, siyo barazani wala stoo, moshi wake una gesi inayoua bila harufu. Oili lita 0.6, 10W-30 inafaa. Vuteni kamba mara kadhaa swichi ikiwa imezimwa ili oili isambae. Halafu petroli kidogo, choki, swichi, na ya kwanza avute mtoto mkubwa, wewe ukiwa umesimama karibu na swichi.

Isipowaka, na mara ya kwanza ni kawaida isiwake, msianze kufungua ovyo. Maswali matatu kwa mpangilio. Moto upo? Plagi nje, igusishe chuma cha injini mbali na tundu la plagi na petroli, vuta, angalia kivulini, hii shika wewe kwa plaizi yenye mpira. Hakuna moto, kagua swichi na waya wa sensa ya oili kama injini yako inayo, hiyo sensa inaikatia moto injini ikihisi oili haitoshi, na watu wanabadilisha koili bure. Mafuta yanafika? Plagi kavu baada ya kuvuta sana maana yake kabureta imeziba, fungua bakuli lake chini, tundu la katikati lizibue kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, siyo sindano, sindano inalipanua. Kompresheni ipo? Kidole kwenye tundu la plagi, mnaijua hiyo tayari.

Ikiwaka usiipe kazi nzito siku hiyo. Iache inguruma dakika chache, zima, subiri ipoe, kagua uvujaji. Eksozi inaunguza, mtoto mdogo akae nyuma ya mstari wa chaki. Afu ikishafanya kazi saa 20 hivi mwaga oili yote, kwenye lile beseni jeupe. Mng'ao kidogo wa ringi mpya zinazojikalisha ni kawaida, vipande vinavyoonekana kwa jicho siyo kawaida, hapo fungueni tena kava la pembeni.

Wakishaizoea hiyo na wakianza kukusumbua wanataka kubwa zaidi, tafuta injini ya pikipiki aina ya CG125. Nayo ni ya pushirodi, vavu na roka watazitambua bila wewe kusema, kipya kitakuwa klachi na gia, anzeni upande wa klachi. Upana 56.5, safari 49.5, hesabu wafanye wenyewe.